Vizibo Sita

Nilipanda Kikondo na spika mbili,
jenereta, na fulana mia za kijani,
siku ya gulio, saa tatu asubuhi,
ukungu umelalia matuta ya viazi
kama mtu asiye na haraka ya kuamka.

Nilikuwa nauza dawa ya ukungu.
Si huu wa asubuhi, nikatania kwenye kipaza sauti,
ni ule unaobabua majani na kuozesha kiazi ardhini.
Hakuna aliyecheka.
Utani ule walikwisha kuuchoka
kabla mimi sijazaliwa.

Nikasema. Ee, nilisema!
Nikasema tija, nikasema mnyororo wa thamani,
mililita thelathini kwa lita kumi na sita,
"wakulima wenzangu," nikasema,
na viatu vyangu havijawahi kukanyaga tuta.

Mama mmoja aliyejitanda blanketi la mistari,
Tumpe Mwandambo (jina nililijua baadaye,
siku ile kwangu alikuwa "yule wa mbele"),
aliinua mkono. Akaushusha. Akauinua tena.
"Maswali mwisho, mama," nikamwambia,
nikafungua ukurasa wa saba.
Mwisho ulipofika, mkono ule
ulikuwa umekwenda kupakia viazi.

Fulana ziliisha. Dawa ilibaki.
Usiku, gesti ya Isyonje, chini ya mablanketi matatu,
nikaandika ripoti: *Wateja hawana uelewa.*
Sentensi ile ikaninyima usingizi.
Asiyeelewa ni nani,
aliyesikia maneno asiyoyazoea,
au aliyeyamwaga saa mbili
bila kutazama jicho hata moja?

Gulio lililofuata nilirudi bila spika.
Nikanunua chai, nikaketi kando ya lumbesa
iliyofura kupita mdomo wa gunia.
Kwanza hawakuniambia kitu. Walinipima.
Wakaongea bei ya Dar, matope ya barabara,
dalali aliyetoroka na fedha za masika.
Mimi kimya. Na kimya kile
kilikuwa kigumu kuliko kuhutubia:
mdomo uliniwasha kama upele.

Kisha Mama Tumpe, bila kunigeukia:
"Siku ile nilikuwa na jambo dogo.
Mvua ya hapa haipigi hodi.
Ikishuka dawa haijakauka,
nitakuwa nimenyunyizia nani? Mto?"
Na Ambakisye, kijana wa bomba la kukodi:
"Hizo mililita zako hatuna. Tuna hiki."
Akaniwekea kiganjani kizibo cha soda.

Kizibo!
Ofisini Mbeya mjini tulibishana wiki nzima
kijani cha nembo kiwe cha jani au cha chupa.
Hakuna aliyeuliza watu wanapimia nini.

Tukajaza maji, tukavuta kwa bomba la sindano,
tukahesabu: vizibo sita, thelathini inatimia.
Lakini swali la mvua sikuwa na jibu lake.
Nikasema, "Sijui. Nitauliza."
Ajabu, hapo ndipo waliponitazama.

Nikapiga simu, mtandao ukakata,
nikapanda kilima cha kanisa, nikapiga tena.
Nikashuka na jibu: "Saa mbili za ukavu."
"Basi ni saa nne," wakaamua wenyewe,
"umande umeondoka, na mawingu ya Kitulo
bado hayajakumbuka njia."
Jambo hilo halikuwamo kwenye ukurasa wowote wangu.

Karatasi mpya ina picha ya vizibo sita
na maneno yao, kama walivyoyasema.
Bosi akanipigia: "Chupa kumi na moja tu?"
"Kumi na moja," nikamjibu.

Mama Tumpe hajanunua.
Anangoja kwanza aone shamba la Ambakisye.
Ana haki yake. Nami nangoja naye,
kizibo kimo mfukoni,
kinagongana na funguo za ofisi.